UZI: Kuwasha taa na panga boi kwa rimoti ya kujitengenezea, bila bando (tuanzie kwenye king'amuzi kibovu)

mkwezi_wa_gungu

Wakuu habari za saa hizi. Kila mara naona mtu anauliza humu anataka awashe taa na panga boi kwa simu, anajibiwa nunua balbu za waifai, nunua soketi za waifai, uzi unafia hapo. Mi niko Kigoma mjini, Gungu, na msimamo wangu ni tofauti kidogo. Kitu kinachowasha taa ya chumbani kwako hakitakiwi kusubiri ruhusa ya seva iliyoko nje ya nchi. Bando limeisha, umeme upo, na we umekaa gizani, sasa hapo usmati uko wapi? Rimoti ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ni mambo ya zamani lakini haikuombi akaunti wala neno la siri, na nusu ya vifaa vyake tayari umevirundika stoo.

Skieni basi. Kwenye kila king'amuzi, sabufa au TV iliyokufa kuna sensa ya rimoti, iko nyuma ya kile kiplastiki cheusi cha mbele, kidude kidogo chenye kitumbo na miguu mitatu. Hicho ndicho unachokitaka. Wengi wanakosea hapa kwa sababu wanachomoa tu wakidhani mpangilio wa miguu ni mmoja dunia nzima, kumbe hapana. Ukiigeuza sensa ya aina ya VS1838B kitumbo kikakutazama, kutoka kushoto ni data, graundi, umeme. TSOP1738 ni graundi, umeme, data. Ukizichanganya unachoma sensa.

Kwa hiyo kabla hujachomoa, kama king'amuzi ni cha adapta ya volti 12 na bado kinapata umeme hata kama hakiwaki picha, kiwashe kikiwa wazi, chukua mita, ncha nyeusi weka kwenye graundi. Mguu mmoja utasoma sifuri, mwingine utasoma 5 au 3.3 na umetulia, wa tatu nao uko juu karibu na hapo hapo ila ukibonyeza rimoti mbele yake namba zinacheza zinashuka kidogo. Huo wa tatu ndio data. Uandike kwa kalamu kabisa halafu ndo uwashe kichomeo cha risasi. Ila king'amuzi au sabufa inayoingiza waya wa umeme moja kwa moja ndani, msiwashe ikiwa wazi kama hamjazoea, kwenye zile pawa saplai za swichingi kuna kapasita kubwa inakaa na volti mia tatu na kitu, na hata ukichomoa plagi inabaki nazo kwa muda.

Ukishapata sensa unahitaji Arduino Uno, yaani kibodi kidogo unachokiandikia programu, hata kloni ya kichina yenye chipu ya CH340 inafaa, weka tu draiva kwenye kompyuta. Huku kwetu bodi unaagiza Kariakoo inakuja na basi au unasubiri treni. Data ya sensa peleka pini namba 2, umeme kwenye 5V, graundi kwenye GND, pakia mfano wa kupokea uliomo ndani ya laibrari (furushi la programu zilizoandikwa tayari) ya IRremote, ile aliyoianzisha Ken Shirriff, fungua dirisha la siriali ubonyeze rimoti yoyote. Namba zikianza kushuka kwenye skrini mjue kazi imeanza. Naendelea chini, ulizeni.

kibirizi_dogo

Nimeweka kambi hapa. Mkuu swali la kijinga, kwa nini wanasema rimoti ni 38 kilohezi, si iwake tu na kuzima basi sensa ione?

mkwezi_wa_gungu

Sio la kijinga dogo. Ukiacha iwake tu, jua nalo lina infraredi, balbu ya zamani ya waya nayo inayo, hata jiko la mkaa linatoa. Sensa ingechanganyikiwa. Ndo maana LED ya rimoti ikiwa "imewaka" kwa kweli inapepesa mara 38,000 kwa sekunde, na ndani ya kile kidude cheusi kuna kichujio kinachosikiliza kasi hiyo tu, mengine kinayapuuza. Zenith wa Marekani walitoa rimoti isiyo na waya mwaka 1955, Flash-Matic, ilikuwa ni tochi tu unamulika pembe za TV, ikawa jua likiingia dirishani TV inajibadilishia chaneli yenyewe 😂

Sio kampuni zote zinatumia 38 lakini. Sony wanatumia 40, mfumo wa Philips unaoitwa RC5 ni 36. Sensa ya 38 itawapokea wote, umbali ndo unapungua.

Halafu sisi wa Kigoma tuna jambo letu, jua linazama upande wa ziwa. Kama sebule yako ina dirisha linatazama Tanganyika na sensa umeielekeza dirishani, saa kumi na moja jioni utabonyeza mpaka kidole kiume. Kichujio kinakataa mwanga wa jua ndio, lakini mwanga ukiwa mkali sana sensa inajipunguzia usikivu. Igeuze itazame ukuta wa ndani, itasoma mwanga ulioruka ukutani, haina shida.

mzee_wa_reli_tbr

Vijana nawasoma kutoka Tabora, Cheyo. Mimi nimestaafu, goti linanisumbua, nataka panga boi niliwashe nikiwa kitandani maana joto la mwezi wa kumi huku mnalijua. Kijana wa jirani aliniunganishia hiyo Arduino na rilei, ile swichi inayogeuzwa na bodi. Inawaka, lakini nikishikilia batani kidogo rilei inalia ta-ta-ta-ta, panga boi linawaka na kuzima. Akasema rilei mbovu tununue nyingine.

mkwezi_wa_gungu

Shikamoo mzee wangu. Usinunue, rilei ni nzima, ni programu.

Rimoti nyingi za kichina zinatumia mfumo wa NEC. Ukibonyeza, inatuma mlio mrefu wa kuanzia wa milisekunde 9, kimya cha 4.5, halafu biti 32 (sifuri na moja): anwani ya kifaa, anwani hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa, namba ya batani, na namba ya batani ikiwa imegeuzwa. Hayo mageuzo ni ya kujihakikishia, kama hayakubaliani kipokezi kinatupa. Sasa ukiendelea kushikilia batani haitumi tena namba nzima, inatuma alama fupi ya "bado ameshikilia" kila baada ya milisekunde 110 hivi. Kwenye laibrari ya zamani ilikuwa inaonekana FFFFFFFF. Hiyo mpya inarudia namba ile ile ya batani na kuweka bendera pembeni kwamba hili ni rudio. Kijana programu yake haiangalii bendera, kwa hiyo kila rudio anaona ni bonyezo jipya, anageuza rilei mara tisa kwa sekunde.

Mwambie aweke sharti moja tu: kama ni rudio, usifanye kitu. Kwa sauti au mwanga wa kuongeza na kupunguza marudio yanafaa, kwa kuwasha na kuzima hayafai.

mzee_wa_reli_tbr

Marahaba. Nimempa asome.

kibirizi_dogo

Na hili la namba mkuu, kwenye video ya YouTube jamaa ana karimoti kale kadogo ka batani 21, batani ya 1 kwake ni FF30CF, kwangu inasoma 0C tu. Rimoti ni ile ile kabisa kwa macho.

mkwezi_wa_gungu

Zote sawa. Video ni ya toleo la zamani la laibrari, lilikuwa linasoma biti kuanzia upande mmoja na kukupa furushi lote. Kuanzia toleo la 3 inasoma kuanzia biti ndogo, inakutenganishia anwani mbali na batani mbali. Chukua hiyo 30 iandike kwa biti, ipindue mwisho uwe mwanzo, unapata 0C. Usinakili namba za video, soma rimoti yako mwenyewe uandike kwenye daftari.

bi_umeme_mwanga

Mi nimekuja na upande wangu maana naona mnakwenda mbio kwenye programu wakati kinachoua ni waya. Nafanya waya za nyumba hapa Mwanga na Ujiji, na nimeshakuta vibodi vya rilei vimening'inizwa juu ya siling bodi bila boksi, laivu iko wazi sentimita moja kutoka kwenye waya za volti 5. Panya akipita hapo ni moto.

Nyumba zetu ni volti 230. Rilei za bluu mnazotumia zimeandikwa 10A 250V na watu wanaona kumi ni nyingi. Panga boi la wati 75 linavuta theluthi moja ya ampea, taa za LED hata usihesabu. Lakini jagi la umeme la wati 2000 ni karibu ampea 9 mfululizo, na vile vinjia vya shaba kwenye kibodi vyembamba hivyo, mi sikubali kuviwekea. Pasi na jagi viacheni kwenye soketi na swichi yake.

Rilei inakata laivu, sio nyutro. Ukikata nyutro taa itazima lakini kishikio kimebaki na umeme, anayekuja kubadilisha balbu ndo ataonyeshwa.

Halafu hili ndo linanichosha: mtu anafunga rimoti anang'oa swichi ya ukutani. Siku betri za rimoti zimeisha, au bodi imeganda, au bibi amekuja kutoka Kasulu hajui hiyo rimoti iko wapi, nyumba nzima inamtafuta mwenye mradi. Kuna njia nzuri kabisa na haihitaji programu. Rilei ina skrubu tatu, COM (ya pamoja), NO (imeachana na COM rilei ikiwa imezima) na NC (imegusana na COM rilei ikiwa imezima). Ukiitazama vizuri hiyo ni swichi ya ngazi, ile ya tu-wei, ambayo inawashwa chini na kuzimwa juu. Basi toa swichi ya kawaida ukutani weka ya tu-wei, waya mbili za kati zitoke kwenye swichi ziende NO na NC ya rilei, COM ya rilei iende kwenye taa. Sasa ukutani unawasha, kwa rimoti unazima, ukutani unawasha tena. Bodi ikifa kabisa taa bado inawaka kwa swichi.

mkwezi_wa_gungu

Dada hapo umeua. Naongezea tu kwamba ukifunga hivyo bodi haijui taa imewaka au imezima, inajua tu imegeuza. Kwa rimoti haina shida, macho unayo. Kwa anayetaka kuonyeshwa kwenye simu "taa ya jikoni imewaka" atahitaji kitu cha kupima mkondo, habari ndefu.

bi_umeme_mwanga

Sawa kabisa. Na nyutro wakuu, kwenye boksi la swichi nyumba nyingi hamtaikuta, mle kuna laivu inayoingia na laivu inayorudi basi. Chaja ya kulisha bodi inataka laivu na nyutro, kwa hiyo mahali pake mara nyingi ni juu kwenye rozi ya taa. Msije mkaibia nyutro kwenye waya wa ethi, nawaomba. Kama huwezi kutofautisha hizi waya mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akufungie upande huo, we baki na volti 5 zako.

ujiji_skeptic

Maswali mawili. Kwanza zile swichi za rimoti za redio 433 megahezi zinauzwa zimeshakamilika, kwa nini nihangaike na risasi? Pili umeme ukikatika na kurudi inakuwaje, maana huku kwetu hiyo ni habari ya kila wiki.

mkwezi_wa_gungu

La kwanza, nunua tu kama unataka kitu kiishe leo, sina ugomvi. Redio inapita ukuta, infraredi haipiti. Lakini hiyo hiyo ndo faida, rimoti ya chumba cha mtoto haiwezi kuzima taa ya sebule, na jirani hawezi kukuwashia panga boi toka kwake, maana zile swichi za bei rahisi hazina ulinzi wowote, namba ni ile ile kila siku. Na infraredi unatumia rimoti uliyonayo tayari. Rimoti ya TV ina batani za rangi nyekundu, kijani, njano, bluu ambazo watu wengi hawajawahi kuzigusa. Mpe nyekundu taa, kijani panga boi.

La pili ni la maana zaidi na wengi hawalifikirii. Umeme ukirudi Arduino inaanza upya, na pini zote kwa muda mfupi zinakuwa hewani. Moduli nyingi za rilei zinawaka pini ikishuka chini, kinyume na unavyodhani. Ukiandika programu kwa kufuata mazoea, unaitangaza pini kuwa ya kutoa kwanza, inaanzia chini, rilei inapiga "ta" taa inawaka saa nane usiku. Dawa ni kugeuza mistari miwili: andika kwanza pini iwe HIGH, halafu ndo uitangaze kuwa OUTPUT. Basi.

Kuhusu ikumbuke hali ya mwisho au izime, mi kwa taa nahifadhi hali kwenye EEPROM ya ndani, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, chipu ya Uno inayo baiti 1024 na kila moja inaandikwa mara 100,000 kabla ya kuchoka. Usiiandike kila mzunguko wa programu utaimaliza kwa dakika chache, andika pale tu hali inapobadilika. Kwa kitu chochote chenye joto au mota, ikirudi iwe imezimwa. Umeme wetu ukirudi unarudi na nguvu ya ajabu dakika ya kwanza, friji linajua.

mzee_wa_reli_tbr

Kijana ameweka hilo sharti, sasa inatulia. Ila kuna jingine, panga boi likizimwa mara nyingine bodi yote inaganda mpaka tuchomoe.

bi_umeme_mwanga

Shikamoo baba. Mota ikikatwa inatupa cheche kwenye rilei na zile cheche ndo zinavuruga bodi. Aweke sinaba, ni rezista ya ohm 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 mfululizo, sambamba na mdomo wa rilei. Kapasita lazima iandikwe X2, hiyo ndo ya kukaa kwenye umeme wa nyumba. Ipo kwenye pawa saplai za TV mbovu, kile kiboksi cha njano karibu na fyuzi. Na chaja ya bodi isichukue umeme baada ya regyuleta ya panga boi, ichukue kabla.

mzee_wa_reli_tbr

Marahaba binti. Kiboksi cha njano tunacho.

kibirizi_dogo

Upande wa kutuma je? Nataka ESP8266, kile kibodi chenye waifai ndani, iwe ndo rimoti, nikae uani nizime TV ndani maana wadogo zangu hawalali 😅

mkwezi_wa_gungu

Hapo unatumia laibrari ya IRremoteESP8266. LED ya infraredi toa kwenye rimoti iliyokufa, ni ya nanomita 940. Za kamera ya CCTV zile zinazoonekana nyekundu kwa mbali ni 850, zitafanya kazi ila sensa zinazipokea kwa unyonge.

Usiunge LED moja kwa moja kwenye pini. Pini ya ESP inatoa miliampea 12 hivi, utapata umbali wa kutoka mkono hadi mkono. Weka transista 2N2222, besi kupitia rezista ya 470 kutoka pini D2, emita graundi, kolekta kwenye mguu hasi wa LED, mguu chanya kupitia rezista ya 47 kwenda volti 5. Hiyo inakupa kama miliampea 74 kila ikipepesa, chumba kizima kinapata. D3, D4 na D8 ziepuke, hizo chipu inazisoma wakati wa kuwaka, ukiziwekea mzigo inaweza isiwake.

Kuona kama inatuma, fungua kamera ya simu uitazame LED, utaona rangi ya zambarau inapepesa. Kamera ya nyuma ya iPhone inachuja, jaribu ya mbele.

Na bando hulihitaji. ESP inaweza kurusha waifai yake yenyewe, simu inaunga hapo, unafungua 192.168.4.1 kwenye brauza unakuta batani zako. Intaneti haipo na kazi inafanyika.

ujiji_skeptic

Eyasii je? Shemeji yangu ana gesti vyumba kadhaa, wageni wanaondoka wameacha eyasii inanguruma, LUKU inalia. Anataka batani moja mapokezi.

mkwezi_wa_gungu

Eyasii ni mnyama mwingine. Rimoti ya TV inasema "batani ya 5" basi. Rimoti ya eyasii ukibonyeza kuongeza digrii moja inatuma kila kitu upya: imewashwa, baridi, digrii 24, feni ya kati, mabawa yako hivi. Ni biti nyingi kuliko 32, na ndo maana watu wananakili batani ya kuongeza joto wakidhani itaongeza, kila wakibonyeza inarudi 24 ile ile. Usinakili batani, nakili hali nzima. Kwa gesti mnahitaji hali moja tu, "zima", isomeni mara moja muihifadhi. Hiyo IRremoteESP8266 ina orodha ndefu ya eyasii inazozifahamu, angalieni kama ya shemeji imo, ikiwemo unaiambia tu zima inatunga ujumbe yenyewe. Ila kila chumba kitataka ESP yake na LED yake, ukuta haupitiki.

chumvi_uvinza

Sisi wa vijijini mnatusahau. Mi nina sola ya volti 12, betri, taa za LED za 12V. Nikiweka Arduino na kile kirekebisha volti 7805 kinachemka hadi nashindwa kushika.

mkwezi_wa_gungu

Kitachemka tu. Kinatoa 12 kubaki 5, volti 7 zote zinageuka joto, bodi na rilei zikivuta ampea 0.15 hiyo ni wati moja nzima inapotea kwenye kidude kidogo. Tumia kibodi cha LM2596, hicho kinakata kata badala ya kuunguza.

Na rilei achana nayo kabisa, kila ikishika inakula miliampea 70 za betri yako bure usiku kucha. Taa za 12V washa kwa mosfeti (swichi ya kielektroniki isiyo na mdomo wa kugusana) IRLZ44N. Hiyo L katikati ni muhimu, IRFZ44N ya kawaida haifunguki vizuri kwa volti 5 utaona inapata moto.

chumvi_uvinza

Hiyo ninayo. Soosi iko hasi au chanya ya taa?

mkwezi_wa_gungu

Soosi kwenye hasi ya betri, dreni kwenye hasi ya taa, chanya ya taa inaenda betri moja kwa moja kupitia fyuzi. Geti kutoka pini kupitia rezista ya 220, na uweke 10k kutoka geti kwenda hasi, usipoweka, bodi ikiwa inawaka taa zitakuwa zinamulika mulika zenyewe. Graundi ya Arduino na hasi ya betri ziwe zimeungwa pamoja.

chumvi_uvinza

10k sina, nina 4.7k.

mkwezi_wa_gungu

Weka hiyo hiyo.